Jinsi ya kupunguza potasiamu kwenye ndizi, viazi na mchicha wa mgonjwa wa figo

Anza na kipimo cha damu cha potasiamu, madini ambayo figo zilizodhoofika hushindwa kuyatoa vizuri mwilini. Si kila mwenye ugonjwa wa figo anatakiwa kukwepa potasiamu. Kiwango cha kawaida ni takriban 3.5 hadi 5.0 mmol (milimoli) kwa lita ya damu; kama majibu yako yamo humo, huenda daktari akakuruhusu kula ndizi zako kama kawaida, na kujinyima kutakukondesha bure. Kikipanda kuelekea 6, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ghafla, mara nyingi bila dalili ya kukuonya.

Hatua ya 1: Menya, kisha kata vipande vyembamba visivyozidi sentimita 1. Potasiamu huyeyuka kwenye maji na hutokea pale kisu kilipopita. Ndizi iliyochemshwa nzima na ganda lake hubaki nayo karibu yote.

Hatua ya 2: Nusu kilo ya vipande, lita 2 na nusu za maji. Yakichemka, acha dakika 5 hadi 10, mwaga yote. Weka maji mapya kiasi kilekile, chemsha hadi viive, mwaga tena. Hapa ndipo wengi hukosea: huloweka viazi usiku kucha kwenye maji baridi, asubuhi wanapika mara moja na kuamini kazi imekwisha. Kuloweka peke yake hutoa kidogo sana. Kinachofanya kazi ni moto na kubadilisha maji.

Hatua ya 3: Unga kwa kitunguu, limau, tangawizi na mafuta kidogo. Usirudishe maji uliyochemshia, kwa kuwa potasiamu imehamia humo. Kwa sababu hiyo mtori wa kawaida haufai: ndizi hupikwa na kupondwa ndani ya maji yaleyale. Ukiutamani, chemsha ndizi mara mbili pembeni, ziponde, zilegeze kwa maji mapya ya moto.

Mchicha na kisamvu: katakata, chemsha kwenye maji mengi, kamua kwa nguvu, ndipo ukaange. Ladha hupungua na vitamini C pia, lakini ndiyo gharama yake. Maharage yaloweke saa 12, mwaga, chemsha, mwaga tena, kisha yapike.

Hata hivyo, potasiamu haiishi. Bakuli moja dogo kwa mlo linatosha. Sehemu kubwa ya sahani iwe wali mweupe au ugali wa sembe, maana dona lina potasiamu zaidi.

Vipo visivyosafishika kwa kuchemsha. Glasi moja ya maji ya dafu ina takriban miligramu 600 za potasiamu, wakati wengi wanaowekewa kikomo hupewa miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima. Birimbi, pamoja na achari yake, acha kabisa: oksaleti (kemikali ya asili) iliyomo, hasa kwenye juisi, imewahi kuangusha figo za watu waliokuwa wazima. Halafu soma pakiti ya chumvi inayouzwa kwa wenye presha. Ukiona kloridi ya potasiamu au KCl, irudishe rafuni.

Mwenye kisukari pia, sukari ikishuka ghafla, asipewe juisi ya machungwa. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, apime tena baada ya dakika 15.