Mchezaji akianguka bila kuguswa: zoezi la makocha wa mchangani

Nafundisha vijana chini ya miaka 17 kwenye uwanja wa vumbi huku Mbagala. Siku winga wetu alipoanguka peke yake, mpira ukiwa upande wa pili kabisa, mkoba wangu wa bandeji na spiriti haukunisaidia kitu. Mmoja akammwagia maji, mwingine akakimbilia kijiko kwa mama ntilie ili "asimeze ulimi". Mimi nilibaki nikiita jina lake. Bahati ilikuwa njaa na jua tu, akaamka mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila msimu ukianza nawaita makocha wenzangu kwa zoezi hili moja: kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Enka tunazimudu.

Mmoja alale chini. Mwenzake ampige mabegani, amwite kwa nguvu, aangalie kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Hapa ndipo tunapoponzwa: moyo ukisimama, mtu anaweza kutetemeka kidogo ukadhani kifafa, au akavuta pumzi mojamoja huku anakoroma, kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Hiyo si pumzi. Haitiki na hapumui kawaida? Anza kubonyeza. Kijiko na maji, hapana.

Ila usimbonyeze mzima! Aliyelala ainuke, weka mpira uliopungua upepo. Kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka. Zama sentimita 5 hadi 6. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa kama 5, kisimamishe pembeni uone, wengi hushtuka. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kifua kiachwe kipande juu tena. Aliyefundishwa kupuliza mdomoni apulize mara 2 kila baada ya 30. Wengine mbonyeze tu bila kusita. Jamaa mmoja mnyanyua vyuma alitucheka, kabla ya dakika 2 jasho likamtoka. Ndiyo maana tunapokezana kila dakika 2.

Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka hivyo hivyo London akiichezea Bolton, klabu ya Uingereza. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na yu hai. Walianza kumbonyeza palepale kwenye nyasi.

Kabla ya filimbi ya kwanza, taja watu kwa majina: wa kubonyeza, wa kumpokea, wa kupiga namba ya dharura 112, wa kusimama barabarani aonyeshe njia, na mbabe wa kuzuia mashabiki. Usafiri nao upange mapema. Bodaboda haifai, maana aliyepakatwa kwenye pikipiki huwezi kumbonyeza kifua. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inafaa, analazwa nyuma na mnaendelea mpaka hospitali. Namba ya dereva wetu naiandika nyuma ya karatasi ya kikosi, na asubuhi ya mechi nampigia kuuliza kama ana mafuta.