Nyanya zikichelewa kuchanua, sitisha urea
Mnyanya wenye majani mengi yaliyokolea kijani, lakini usiotoa maua kwa wakati wake, mara nyingi umepata naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, kupita kiasi. Usiuongezee mbolea ya urea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46, wala samadi, hadi matunda ya kwanza yatunge. Naitrojeni ikizidi, mmea huendelea kuotesha machipukizi na majani, na chakula ambacho kingejenga maua hutumika huko, hivyo hata kuiva huchelewa. Njia hii haifai pale mmea unapodumaa na majani ya chini kugeuka manjano, kwani huo ni upungufu wa naitrojeni. Usiitumie kamwe njia hii ya kusitisha urea kwenye mahindi, jambo ambalo naona husahaulika mno: mahindi yakikosa naitrojeni ndipo huchelewa kutoa ndevu, na punje hupungua.