Ukiugua nje wakati wa mlipuko: bima ya safari inalipa nini, inakataa nini

Bima nyingi za safari hulipa matibabu ya mtu aliyeugua ugenini, hata kama ugonjwa wenyewe ni wa mlipuko. Kinachokataliwa mara nyingi ni mambo yanayouzunguka ugonjwa: tiketi uliyoiacha kwa hofu, hoteli uliyofungiwa bila kuumwa, ndege ya kukurudisha nyumbani. Mtu akirudi analalamika kwamba bima imemtapeli, kumbe alikuwa na madai matatu, na kila dai lina kifungu chake, kiwango chake na sababu zake za kukataliwa.

Tuchukue mlipuko mmoja wa kweli. Julai 2025 chikungunya ilisambaa Foshan, katika jimbo la Guangdong nchini China, na ndani ya wiki chache wagonjwa walipita 7,000. Foshan ndiko wafanyabiashara wa Kariakoo na Nairobi wanakofuata vigae na samani wakishafika Guangzhou. Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Huenezwa na mbu anayeuma mchana na ni nadra kuua, lakini unaweza kukulaza wiki nzima huku kontena lako likisubiri kupakiwa.

Je, mtu aliyekata bima Dar es Salaam akaugua Foshan angelipwa? Inategemea maswali yafuatayo, na yote hujibiwa kabla ya safari.

Omba mkataba wenyewe, cheti hakitoshi

Karatasi moja unayopewa kwa ajili ya viza ni cheti tu. Kwa viza ya Schengen, kwa mfano, cheti kinaonyesha kwamba una kinga isiyopungua yuro 30,000 kwa nchi zote za eneo hilo, pamoja na matibabu ya dharura na gharama za kukurudisha nyumbani ukiugua au ukifa. Ubalozi unatosheka hapo. Hauna haja ya kukusomea vifungu vya mlipuko.

Mkataba mzima ni kurasa kadhaa, na hutolewa ukiuomba. Mwambie wakala akutumie PDF kwa WhatsApp au barua pepe kabla hujalipa. Akikwambia "hiyo sisi hatunaga," nenda kwa wakala mwingine.

Mikataba hiyo karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza. Ifungue kwenye simu, kisha tafuta neno moja moja: epidemic (mlipuko), pandemic (janga la dunia), quarantine (karantini), known event (jambo linalojulikana), government advice (ushauri wa serikali), pre-existing (maradhi uliyokuwa nayo tangu kabla). Ukilipata neno, usikimbilie kulisoma. Kwanza panda juu uone limekaa chini ya kichwa gani. Neno epidemic likiwa ndani ya sehemu ya kughairi safari, linagusa tiketi na hoteli tu. Likiwa kwenye orodha ya jumla ya mambo yasiyolipwa, linagusa mkataba wote, hospitali ikiwemo. Sentensi inaweza kuwa ileile neno kwa neno, lakini mahali ilipowekwa ndipo panapoamua kama utalazwa kwa fedha za kampuni au za kwako.

Tena epidemic na pandemic si pacha. Mkataba unaokataa pandemic peke yake haukuigusa chikungunya ya Foshan, kwa sababu hakuna aliyeitangaza kuwa janga la dunia. Unaokataa epidemic ungeweza kuigusa. Kuna aina ya tatu, inayokataa ugonjwa wowote ambao Shirika la Afya Duniani limeutangaza kuwa dharura ya kimataifa. Mkataba kama huo ungekuacha bila kinga dhidi ya mpox (homa ya nyani) kuanzia tarehe 14 Agosti 2024 hadi Septemba 2025, muda ambao tangazo la pili la ugonjwa huo lilikuwa likitumika.

Usipoelewa kifungu, usiridhike na maelezo ya mdomo. Tuma ujumbe wa maandishi wenye jina la ugonjwa na tarehe zako: "Nikiugua chikungunya nikiwa Guangdong kati ya tarehe 5 na 19, gharama za kulazwa zinalipwa? Hadi kiasi gani? Ni kifungu namba ngapi?" Swali la aina hiyo ni gumu kujibiwa kwa "usijali, kila kitu kimo." Jibu lihifadhi. Bora zaidi litoke kwa kampuni yenyewe, maana wakala anauza tu. Anayekagua madai yako ni mtu mwingine kabisa.

Tarehe uliyonunua

Bima ni ya jambo lisilotarajiwa. Mlipuko ukishatangazwa, kampuni huuhesabu kuwa jambo linalojulikana, na anayenunua baada ya hapo hawezi kudai fidia ya kughairi kwa sababu yake. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, tarehe 27 Septemba 2024. Aliyenunua bima tarehe 20 alikuwa na hoja ya kubishania. Aliyenunua Oktoba 5 hakuwa nayo, hata kama wote wawili waliondoka siku ileile kwa ndege ileile.

Kwa matibabu, kampuni nyingi hazitumii kigezo hiki, ila zipo zinazokitumia, kwa hiyo kiulizie. Ada ya bima huhesabiwa kwa umri wako, nchi unayokwenda na idadi ya siku, kwa hiyo kuchelewa kununua hakukuokolei kitu. Nunua siku unayolipia tiketi.

Na kughairi kwa sababu ya hofu peke yake hakulipwi, haijalishi ulinunua lini. Walioko Marekani wanaweza kununua nyongeza ya kughairi kwa sababu yoyote ile. Kwa kawaida hurudisha asilimia 50 hadi 75 ya gharama, ni lazima uinunue ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza ya safari, na ughairi angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Ni ghali. Kwa anayepeleka familia ya watu watano nyumbani Disemba, huenda inafaa. Kwa mtu mmoja mwenye tiketi inayobadilishika ni kutupa fedha.

Tahadhari ya serikali, na ni serikali gani

Mikataba mingi hukata kinga ukisafiri kwenda mahali ambapo serikali imeshauri watu wasiende. Swali ambalo watu hawaulizi ni serikali ya nani. Bima iliyonunuliwa Uingereza hufuata ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, hata kama wewe una pasipoti ya Kenya. Kwa bima ya Marekani, angalia kama inataja matangazo ya Wizara ya Mambo ya Nje au ya kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC. Yana ngazi tofauti na hayapandi pamoja. Bima za kwetu mara nyingine husema tu "mamlaka husika," na maneno mapana hivyo yaombe ufafanuzi.

Anayetoka London kwenda kuwaona ndugu Goma aelewe jambo moja: maeneo mengi ya mashariki ya Kongo yamo kwenye ushauri wa kutosafiri kwa sababu za usalama. Anaweza kunyimwa matibabu ya malaria ya kawaida kwa sababu hiyo, Ebola iwepo isiwepo.

Siku ya kuondoka, piga picha ya skrini ya ukurasa wa tahadhari, tarehe ionekane. Ushauri ukibadilika ukiwa tayari uko huko, kampuni nyingi huendelea kukulinda mradi uondoke ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Picha hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulipoondoka njia ilikuwa wazi.

Mianya inayomuumiza mgonjwa

Dalili zikianza kabla ya safari, hulipwi. Daktari atakuuliza homa ilianza lini na ataandika utakachosema. Ukijibu "kama wiki hivi" kwa mazoea, na wewe uliingia nchini siku nne zilizopita, umejiandikia barua ya kukataliwa. Hesabu siku, kisha jibu kwa tarehe.

Upande wa pili kuna mwanya unaosahaulika zaidi: bima huisha ukishafika nyumbani. Chikungunya kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa na mbu. Ebola huchukua siku 2 hadi 21. Ukiumwa na mbu siku ya mwisho Foshan, homa itakukuta Mbagala, na hapo unatumia bima yako ya afya ya kawaida. Vilevile kadi ya bima ya afya ya taifa, NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, usiihesabu kama mbadala wa bima ya safari ukiwa njiani.

Safari ya kwenda kutibiwa nayo ni kesi ya peke yake. Anayekwenda India kwa upasuaji wa moyo halipwi upasuaji huo na bima ya safari, na kampuni inaweza kukataa hata maambukizi aliyoyapata wodini. Kisukari, presha na pumu zitaje kwenye fomu. Mlipuko huwaumiza zaidi wenye maradhi hayo, na mkaguzi atayatafuta.

Chanjo pia. Anayekwenda umra au hija anatakiwa awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Ukiugua ugonjwa ambao chanjo yake ilikuwa ya lazima na hukuchanjwa, usitarajie huruma.

Karantini, na ndege ya wagonjwa

Karantini ni neno gumu kwa sababu mgonjwa analiona kama matibabu na kampuni inaliona kama malazi. Ukifungiwa hotelini kwa sababu ulikaa karibu na mgonjwa, wewe huumwi. Gharama hiyo hulipwa tu kama mkataba una kipengele cha karantini, na huwa ni kiasi fulani kwa siku, kwa siku zilizowekewa kikomo.

Foshan ilileta hali ya katikati. Wagonjwa walilazwa kwenye vitanda vyenye vyandarua ili mbu wasiwaume wakaeneza virusi, na waliruhusiwa wakipimwa bila virusi au wakitimiza wiki moja. Mtu anaweza kuwa amepata nafuu siku ya tatu akabakizwa hadi ya saba. Kampuni inaweza kusema siku nne za mwisho hazikuwa na ulazima wa kitabibu. Dawa yake ni kumwomba daktari aandike kwamba ulibakizwa kwa amri ya mamlaka ya afya, na aeleze hali yako kila siku: homa, viungo, damu.

Kuhusu kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, usiweke matumaini makubwa. Kifungu husema itafanyika inapowezekana kitabibu na kisheria, na kwa Ebola au Marburg mara nyingi haiwezekani: ndege zenye vyumba vya kutenga wagonjwa wa namna hiyo ni chache mno, na nchi za njiani huweza kukataa. Aliyefariki kwa magonjwa hayo kwa kawaida huzikwa hukohuko kwa taratibu za mazishi salama. Familia ijue hilo mapema, maana cheti cha bima kinachotaja kusafirisha maiti hakitabadilisha amri ya afya.

Ukiugua

Piga namba ya msaada ya saa 24 kabla ya kulazwa. Iandike kwenye karatasi ndani ya pasipoti, kwa sababu simu huisha chaji, na mpe mtu wa nyumbani nakala. Ukiwa hujitambui, msafiri mwenzako apige ndani ya muda uliotajwa, ambao mara nyingi ni saa 24 au 48. Omba namba ya faili, na uandike jina la uliyeongea naye na saa. Kampuni ikikubali, huituma hospitali barua ya dhamana. Isipofika kwa wakati, hospitali nyingi za China hutaka amana kwanza ndipo zikulaze. Kuwa na fedha za akiba au kadi yenye salio.

Kabla hujatoka hospitali, hakikisha unazo karatasi hizi:

- ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa na tarehe dalili zilipoanza
- majibu ya maabara
- bili yenye mchanganuo wa kila dawa na kipimo
- risiti rasmi, ambayo China huitwa fapiao

Picha ya malipo ya WeChat au Alipay si risiti. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Kipimo nacho kina wakati wake. Wiki ya kwanza chikungunya huonekana kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Baadaye hutafutwa kingamwili za IgM. Ukipimwa kwa njia isiyofaa kwa siku hiyo, majibu yatasema huna, na ripoti itaandikwa "homa ya virusi" tu. Kwa matibabu ya kawaida hiyo inatosha, lakini kipengele maalumu cha mlipuko hudai kipimo cha maabara chenye majibu ya kuthibitisha.

Ukirudi, peleka madai mapema. Mikataba mingi hutoa takriban siku 30. Ambatanisha tiketi na kurasa za pasipoti zenye mihuri. Kumbuka kuna kiasi cha mwanzo unachojilipia mwenyewe: kama ni dola 100 na ulitumia 340, utapata 240.

Ukikataliwa, omba barua yenye namba ya kifungu kilichotumika, kisha kifungue kwenye PDF yako uone kimekaa chini ya kichwa gani. Kama ni kifungu cha kughairi kimetumika kwenye dai la hospitali, andika hivyo na uambatanishe lile jibu walilokupa kabla ya safari. Malalamiko huanzia kwenye kampuni. Wakishikilia msimamo, Tanzania unakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya unakwenda IRA, mamlaka ya bima ya huko, ukiwa na barua ya kukataliwa mkononi.