Somo: Atomu ikifungiwa chumbani, mwanga wake hubadilika

Vijana wa S.6 (kidato cha sita), mmoja wenu aliniuliza: kama atomu iliyosisimuliwa, yaani iliyoongezewa nishati, hutoa mwanga yenyewe, kuta zinaihusu nini? Zinaihusu sana. Tuanze na ndoo.

1. Tafuta bomba la plastiki la sm 30, ndoo ya maji, na simu yenye programu ya kutoa mlio wa Hz 500.

2. Zamisha bomba wima, shika simu mdomoni pake, kisha lipandishe polepole. Hewa ikifika kama sm 16, yaani robo ya wimbi, mlio unavuma ghafla. Ukizidisha, unafifia. (Subirini boda zipite kwanza.) Simu ni ileile, kilichobadilika ni chumba.

3. Sasa badala ya simu iwe atomu. Haitemi fotoni (chembe moja ya mwanga) ovyo, huikabidhi wimbi linaloweza kukaa mahali pale. Chumba kikiafikiana na wimbi lake, fotoni hutoka upesi zaidi. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza hili mwaka 1946, akifikiria mawimbi ya redio.

4. Kinyume chake ndicho kinachonikosesha usingizi. Vioo viwili vikikaribiana chini ya nusu ya urefu wa wimbi, wimbi lenye uga wa umeme (nguvu za umeme zilizoenea hewani) sambamba na vioo halina pa kukaa. Atomu inabaki na nishati yake! Mwaka 1985, kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, wanafizikia Hulet, Hilfer na Kleppner walipitisha atomu za sesiamu, zilizopandishwa hadi ngazi ya 22 ya nishati, kati ya mabamba mawili ya metali. Urefu wa wimbi lao ulikuwa kama mm 0.45. Msisimko ulidumu angalau mara 20 zaidi.

Maswali (kila moja na mji wa Uganda lilikotoka)

Mbale: Mwalimu, basi hata taa ya sodiamu hubadilishwa na glasi yake?
– Hapana. Wimbi lake ni nanomita 589, glasi ina sentimita kadhaa. Ni kama kuliza mlio wa simu ile katikati ya uwanja mpana wa Kololo, Kampala.

Jinja: Atomu inajuaje kuna vioo kabla haijatoa fotoni?
– Haihitaji kujua. Utoaji ni kazi ya atomu pamoja na uga uliopo hata gizani, na vioo vilishaupanga uga huo atomu ilipofika.

Gulu: Mbona simu yangu haikunyamaza bomba lilipokataa?
– Hapo mfano wangu unachechemea. Simu ina betri, italia tu. Atomu ina fotoni moja mkononi.

Gulu: Nimetumia bomba la mita moja, limevuma tena karibu sm 50.
– Robo tatu ya wimbi. Umepima vizuri.