Kumuuliza mjamzito kuhusu ukatili wa nyumbani: kwa wahudumu wa kliniki mkoani Kigoma

Anza na faragha. Hudhurio la kwanza mama wengi huja na mwenza kwa ajili ya kipimo cha VVU, na hapo ndipo kazi huharibika: ukiuliza mume akisikia, mama atakana, kisha anaweza kuadhibiwa wakifika nyumbani. Mtenge kwa shughuli ya kawaida, kama kupima uzito au kutoa mkojo, na kina mama wote wapitie utaratibu huo ili asitiliwe shaka mmoja. Mtoto anayejua kuongea abaki nje. Anayezungumza Kiha tu atafsiriwe na mhudumu, kamwe si wifi wala mama mkwe.

Mwambie: "Mama, swali hili tunawauliza wote, na usipotaka kujibu utahudumiwa vilevile." Usiulize kama anafanyiwa ukatili; wapo wanaopigwa makofi ambao hawayaiti hivyo. Taja vitendo: "Kuna mtu nyumbani aliyekupiga, kukusukuma au kukukaba shingo? Anayekulazimisha tendo la ndoa? Unamwogopa?"

Akisema amekabwa, simama hapo. Shingo inaweza kukosa alama kabisa na bado ndani kuna madhara yanayojitokeza baada ya saa nyingi. Uliza kuhusu sauti kukwaruza, maumivu ya kumeza, kupoteza fahamu, kujikojolea. Mwite daktari, angalia na mapigo ya moyo wa mtoto. Aliyewahi kukabwa na mwenza yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye.

Aliyebakwa aanzishiwe dawa za kuzuia VVU mara moja, kabla ya saa 72 kupita, azimeze siku 28. Usimrudishe kufuata PF3, fomu ya polisi, kwanza, matibabu yatangulie.

Akikana, mwamini, umuulize tena hudhurio lijalo. Usimwambie avumilie, wala aachike, na tafadhali usimwite mume kuwapatanisha: hilo humfichua.

Kabla hajaondoka, uliza kama kipigo kinazidi, kama ametishiwa kuuawa, kama kuna panga karibu, na leo usiku atakimbilia kwa nani. Akiridhia, mkabidhi kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Akiwa chini ya miaka 18, mweleze mapema kwamba utalazimika kutoa taarifa.

Andika maneno yake mwenyewe, mahali na ukubwa wa kila jeraha, kwenye faili la kituo. Kadi ya kliniki isiandikwe chochote, mume huisoma.