Jinsi ya kutafsiri "run" kwa Kiswahili

Kosa linalojirudia zaidi kwenye neno "run" ni kushika "kukimbia" na kwenda nalo hadi mwisho wa ukurasa. "She runs a shop" ikiwa "anakimbia duka", msomaji anaelewa kwamba mwanamke huyo analitoroka duka, maana kukimbia kitu ni kukihama kwa hofu, kama watu wanavyokimbia vita. Andika "anaendesha duka". Ikiwa si lake, "anasimamia".

Anza kwa kumtazama mtenda. Akiwa mtu au mnyama, na hakuna kitu kinachotendwa, "kukimbia" kwa kawaida kunatosha. Kikiwa kitu, tafuta kitenzi ambacho Kiswahili hukipa kitu hicho. Injini huunguruma. Kanga mpya ikifuliwa, rangi huchuja. Mtoto mwenye mafua hutokwa na makamasi. Usiseme pua inakimbia. Wakati mwingine kitenzi hakihitajiki kabisa: "the contract runs for two years" ni "mkataba ni wa miaka miwili", basi.

Halafu soma maneno yanayofuata, kwa kuwa hapo ndipo maana nyingi hujificha. "Run on diesel" ni kutumia dizeli. "Run for president" ni kugombea urais, na "running mate" ni mgombea mwenza. "Run out of" ni kuishiwa: "tumeishiwa sukari". "Run into" inataka uangalifu zaidi. Ikifuatwa na jina la mtu, mara nyingi ni kukutana naye bila kutarajia. Gari likitajwa pamoja na ukuta, ni kugonga. Ukichanganya hizi mbili kwenye taarifa ya polisi, umempa mtu kesi.

"Running" nayo hubadilika kulingana na mahali. "Three days running" ni siku tatu mfululizo. "Running water" katika tangazo la nyumba ya kupanga ni maji ya bomba, lakini katika somo la jiografia ni maji yanayotiririka.

Ukimaliza, funika Kiingereza na usome Kiswahili peke yake kwa sauti. Kila penye "kimbia", jiulize nani anakwenda mbio, au anatoroka nini. Jibu likikosekana, rudi kwa mtenda.