6.4 yangu na 190 ya jirani: namna ya kusoma karatasi ya lehemu

Mimi nakamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Mtu akianza habari za mafuta, huwa najiona mtaalamu. Sasa siku tuliyokwenda kupima lehemu, yaani kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu, mimi na jirani yangu, karatasi yangu ikaandika 6.4 na yake 190. Nikamcheka njia nzima. Nikamwambia aandike wosia.

Kumbe mgonjwa ni mimi.

Kwa hiyo, mzee mwenzangu, kabla hujacheka wala hujalia, tazama kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL. Ukiwa na mg/dL, gawa kwa 38.7 upate mmol/L. Ile 190 ya jirani ni 4.9 tu, na jumla ya lehemu inatakiwa iwe chini ya 5.2. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, peke yake hugawiwa kwa 88.6, usichanganye.

Pili, usiishie kwenye jumla. Shuka mpaka LDL. Hii ndiyo inayobeba lehemu kutoka kwenye ini kwenda mwilini, na ikizidi inaacha mashudu yake kwenye kuta za mishipa. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, ikae chini ya 3.0, mwenye kisukari au aliyewahi kuugua moyo, daktari atataka ishuke zaidi ya hapo. Yangu ilikuwa 4.5. HDL ni kinyume chake: inazoa mabaki na kuyarudisha kwenye ini, na kwa mwanaume isipungue 1.0. Mimi nilikuwa na 0.9. Trigliseridi iwe chini ya 1.7, nayo hupanda ukitoka kula, ndiyo maana wengine huambiwa wakae bila kula kwa saa 9 hadi 12. Maji ruksa. Supu ya kongoro si maji.

Nilibisha. Mimi ni mwembamba, na nyumbani tunapikia alizeti yangu mwenyewe! Daktari akauliza Jumamosi huwa nashinda wapi. Msalato, mnadani, na mbavu za mbuzi zenye mafuta yanayochuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia unene si kipimo, na ini lenyewe ndilo linalotengeneza lehemu nyingi. Wengine tumerithi ini lenye bidii kupita kiasi.

Hapa niseme kitu kama muuza mafuta. Dumu likiandikwa “haina lehemu”, hujaambiwa lolote. Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya maana, hata mawese. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, yale yanayoganda, na hayo ndiyo yanayopandisha LDL. Ya alizeti yana kama sehemu moja ya kumi tu. Kunde na maharage vinasaidia pia: nyuzinyuzi zake hunasa nyongo, ikatoka nazo chooni, ini likalazimika kuvuta lehemu kwenye damu kutengeneza nyongo nyingine. Sigara, acha. Sina la kuongeza hapo.

Na lile tunalonong'onezana kijiweni: nguvu za kiume. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi hiyo ndiyo hutangulia kuziba. Badala ya kukimbilia kununua vumbi la mzizi, pima lehemu, sukari na presha kwanza. Lehemu haiumi. Kifua kikibana, maumivu yakaelekea mkononi au taya, jasho baridi likakutoka, usisubiri kuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nilipewa atorvastatin, dawa ya kushusha lehemu, kidonge kimoja kwa siku. Misuli ikiuma bila sababu, rudi ukaseme. Namba zikishuka usiache dawa kwa kujiamulia, maana ni dawa iliyozishusha. Baada ya miezi mitatu nikapima tena: LDL 2.8. Msalato bado naenda, mara moja kwa mwezi, nachagua paja na mafuta natoa pembeni. Jirani anayala yeye, huku akiniita Sita Nukta Nne mbele za watu.